PET-CT kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi: tuuze shamba au tusiuze?

SWALI: Shikamoo Sista. Naandika kutoka Mtwapa kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 58. Hedhi ilishamkatika zamani, lakini baada ya Idi akaanza kutokwa na damu. Alikatwa kinyama na majibu yakasema ni saratani ya mlango wa kizazi. Daktari akampima kwa mkono, akasema ni daraja la 2B. MRI nayo ikaonyesha tezi moja ya nyonga imevimba kidogo. Sasa kabla hajaanza mionzi hapa Mombasa, daktari anataka aende Nairobi kupigwa PET-CT. Kaka zangu wako tayari kuuza kipande cha shamba la minazi. Mjomba hataki kusikia, anasema hospitali zinatafuta pesa tu, kwani ugonjwa si umeshajulikana? Mama ana sukari, anameza metformini, na miaka ya nyuma aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Halafu jirani ametuambia kipimo chenyewe ni sukari yenye sumu na kwamba saratani inakula sukari, basi tumemkataza mama wali, matunda, kila kitu. Tufanye nini? Na akirudi, wajukuu wanaweza kulala naye?
Binti wa Mtwapa

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole nyingi sana. Nianze na mjomba, maana swali lake ndilo la kujibiwa kwanza, na wala si la ukorofi. Ni kweli, ugonjwa umeshajulikana. Kinyama ndicho kilichousema, na hakuna picha yoyote inayochukua nafasi ya kinyama. Kisichojulikana ni umefika wapi. Kwa saratani hii, pale ulipofika ndipo panapoamua mionzi ipigwe wapi na tiba iwe na lengo gani.

Vidole vya daktari vinafika kwenye mlango wa kizazi na pembeni yake. MRI inaonyesha vizuri uvimbe wenyewe, ukubwa wake, na kama umegusa kibofu au utumbo. Lakini saratani hii ikitoka pale huwa na njia zake. Aghalabu huingia kwanza kwenye tezi za nyonga, ikapanda hadi tezi zilizojipanga kando ya mshipa mkuu wa damu, ule unaopita mbele ya uti wa mgongo, na ikizidi hufika hata shingoni, juu ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. CT ya kawaida, yaani eksirei inayopiga mwili vipande vipande, huishuku tezi kwa ukubwa wake: ikipita sentimita 1 inatiliwa shaka. Kwa hiyo tezi ya milimita 7 iliyobeba saratani inaweza kupita bila kuulizwa, na tezi kubwa iliyovimba kwa maambukizi tu ikashukiwa bure. PET, inayopigwa baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, inatazama jambo jingine: seli za mahali hapo zinatumia sukari kiasi gani? Mashine ya PET-CT inapiga zote mbili kwa mkupuo mmoja, ikalaza mng'ao wa PET juu ya picha ya CT, na daktari wa picha akaona kinachong'aa na mahali kilipo hasa.

Mpaka mwaka 2018, daraja la saratani ya mlango wa kizazi lilipangwa kimataifa kwa mkono wa daktari na vipimo vichache vya kawaida, ili hata nchi zisizo na mashine kubwa ziweze kupanga. Mwaka huo FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, likakubali picha nazo zihesabiwe. Tezi ya nyonga ikiwa na saratani, daraja linakuwa 3C1. Ikiwa ni ya kando ya mshipa mkuu, 3C2. Kwa hiyo ile tezi moja iliyoonekana kwenye MRI, ikithibitika, mama hatakuwa 2B tena kwenye karatasi. Msije mkashtuka mkadhani ugonjwa umekua njiani kwenda Nairobi. Utakuwa ni ule ule, umeonekana vizuri zaidi.

Mimi nimekuwa muuguzi wodi ya saratani za kina mama kabla ya kuhamia idara ya tiba ya nyuklia, ambako ndiko picha hizi zinakopigwa. Kila anayekuja namwuliza: daktari amekueleza majibu ya picha hii yatabadilisha nini? Wengi hawajui, na si kosa lao, hawakuambiwa. Kwa mama yako naweza kukwambia.

Huenda kikang'aa chenyewe tu, mlango wa kizazi, pengine na ile tezi ya nyonga. Hapo mpango unaendelea kama ulivyo: mionzi ya nje, dawa ya kemo iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani, na tezi ile ikaongezewa dozi yake. Huenda zikang'aa tezi za kando ya mshipa mkuu, huko juu. Hapo eneo la mionzi linapandishwa mpaka lizifunike. Hebu fikirieni isingejulikana: mama angetibiwa nyonga vizuri kabisa, kila siku akaenda, akavumilia kuhara na kuchoka, na huku ugonjwa umeachwa sentimita chache juu ya mpaka wa mionzi. Jambo hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi yangu, na ndilo linalonifanya niitetee picha hii kwa wagonjwa kama mama yako. Jibu la tatu ni kung'aa mapafu, ini, mifupa au shingo. Likija hilo, daktari atakaa upya na familia. Dawa za mwili mzima ndizo zitakazotangulia, na mionzi itatumika kukausha damu na kutuliza maumivu. Watu wanaliogopa jibu hili mpaka wengine wanaomba picha isipigwe. Mimi naona ni heri lijulikane kabla mama hajabebeshwa wiki nyingi za tiba nzito isiyogusa ugonjwa wake wote.

Basi mwambieni mjomba kwamba daktari ana sababu. Saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kutoka nje kidogo, yenye tezi ya kutiliwa shaka, ndiyo hali ambayo PET-CT ina kazi kubwa kuliko saratani nyingine zote za uzazi.

Kuhusu shamba, msikimbilie kuuza. Bei ni makumi ya maelfu ya shilingi, na hospitali hazilingani, kwa hiyo pigeni simu zaidi ya moja. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan imekuwa na mashine hii tangu 2018, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo ni ya serikali, inayo pia, pamoja na siklotroni, mtambo wa kutengenezea dawa yake. Kufunga safari ya India kwa picha hii peke yake hakuna haja. Ulizeni kama mama ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, na kama kibali kinaweza kuombwa kabla ya safari. Mwombeni daktari aandike wazi kwenye barua kwamba picha ni ya kupanga mionzi, maneno hayo yana uzito. Na kila hospitali kubwa ina afisa wa ustawi wa jamii. Mfikieni, wengi hawajui mlango wake uko wapi.

Lakini kama mnunuzi wa shamba atachukua miezi miwili kupatikana, msimngojeze mama. Mrudieni daktari mumwambie ukweli wa mfuko wenu, aagize CT ya kifua, tumbo na nyonga yenye dawa ya kung'arisha, na tiba ianze. Hiyo nayo ni njia inayokubalika, na wanawake wengi wamepona kwa mionzi iliyopangwa hivyo. Tiba ikishaanza, jitahidini isikatikekatike. Mionzi ya nje, kemo na mionzi ya ndani vyote vinatakiwa viishe ndani ya wiki 8.

Sasa kifua kikuu. Umefanya vizuri sana kukitaja, na nataka ukitaje tena pale mapokezi. Sukari ile ya kipimo haiendi kwenye saratani tu. Seli za kinga zinapopigana na maambukizi nazo zinaila, kwa hiyo tezi za kifua kikuu zinang'aa, tezi za mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI zinaweza kung'aa, kidonda cha upasuaji kinang'aa, hata jino bovu. Vitabu vingi vya picha hizi vimeandikiwa nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Huku kwetu si nadra. Namkumbuka mama mmoja ambaye ripoti yake ilisema tezi za kifuani zinang'aa. Nyumbani wakaanza kumlilia kama aliyekwisha kuondoka. Kinyama cha tezi kilipochukuliwa, kikawa kifua kikuu. Akapewa dawa za kifua, na saratani yake ikatibiwa kwa lengo la kupona. Kwa hiyo kikitokea chochote mbali na nyonga, na kama ndicho kitakachobadilisha tiba, ulizeni: je, tunaweza kukithibitisha kwa sindano kwanza? Tezi ya shingoni, kwa mfano, sindano inaifikia kwa urahisi.

Jirani yenu naye amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba seli nyingi za saratani hutumia sukari kuliko jirani zao. Mjerumani Otto Warburg aliligundua hilo miaka ya 1920. Dawa ya kipimo, FDG, ni sukari iliyobandikwa florini-18, chembe inayotoa mionzi. Seli inaipokea ikidhani ni sukari ya kawaida, halafu inashindwa kuitumia, inabaki nayo, na mashine inaiona. Binadamu wa kwanza walichomwa sindano hiyo Philadelphia mwaka 1976. Kiasi cha sukari kilichomo ni kidogo mno, hakipandishi sukari ya mama wala hakilishi ugonjwa. Wala haitoki hapo kwamba mkimnyima mama chakula saratani itakufa njaa. Ini lake litatengeneza sukari usiku na mchana, kwa sababu ubongo unaihitaji. Kitakachopungua ni nyama ya mwili wake, na mgonjwa anayekonda kabla ya mionzi huhangaishwa nayo sana. Leo hii mrudishieni wali wake, kwa kipimo kile kile alichopewa kliniki ya sukari, na samaki, maharagwe, mayai na matunda. Asile kama mtu anayeadhibiwa.

Maandalizi kwa mwenye sukari yanataka uangalifu, nitayakalia kidogo. Metformini hufanya utumbo ung'ae, na utumbo umepakana na mahali tunapotaka kuona, ndiyo maana idara nyingi huomba isimamishwe saa 48 kabla. Msiisimamishe wenyewe. Pigeni simu idara ya picha, kisha daktari wa sukari aseme atumie nini badala yake. Asubuhi ya kipimo sukari inatakiwa isizidi 11, au 200 kwa mashine zinazosoma kwa miligramu. Ikizidi, sukari ya damu inashindana na dawa, na anaweza kurudishwa. Asile chochote kwa saa 6. Maji matupu ruhusa, tena anywe mengi. Chai ya rangi isiyo na sukari muulize kwanza, lakini maziwa hapana, na asitafune kitu chochote, hata ubani, maana misuli ya taya nayo itang'aa.

Hilo la misuli ni kweli kwa mwili mzima. Siku moja kabla asibebe ndoo, asilime, asipande ngazi za gorofa bila sababu. Msimpandishe treni ya usiku Miritini, ateremke Syokimau alfajiri akiburuta begi, halafu aende moja kwa moja kuchomwa sindano. Afike siku moja mbele, alale kwa ndugu. Na mvisheni sweta, soksi na leso ya pili, nasema hivi kwa sababu mimi ni mtoto wa Majengo na najua Nairobi ya Julai inavyomfanya mtu wa pwani. Mwili ukitetemeka, misuli inakula sukari, na yako mafuta maalum ya shingoni na mabegani ambayo huwaka ili kupasha mwili joto. Yakiwaka, yanaficha tezi za shingo.

Akichomwa sindano atakaa kama saa nzima katika chumba tulivu, amejifunika, bila simu wala maongezi, dawa isambae. Kisha atapelekwa haja ndogo. Msilione hilo ni dogo, maana dawa inatoka kwa mkojo, na kibofu kilichojaa hung'aa kiasi cha kuufunika mlango wa kizazi ulio nyuma yake. Mashine yenyewe ni dakika 20 hadi 30. Haipigi kelele kama MRI.

Halafu kuna saa. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, hata ikiwa imekaa kwenye chupa. Dawa ya mama hutengenezwa siku ile ile, imehesabiwa kwa saa yake. Akichelewa saa mbili, nusu yake imekwisha, na hakuna ya kesho iliyowekwa kabatini. Kwa sababu hiyo hiyo, mtambo ukipata hitilafu, wagonjwa wote wa siku hiyo huahirishwa. Pigeni simu jioni ya kuamkia, kabla hamjatoka nyumbani kwa ndugu, na waachieni namba yenu.

Hapo ndipo lilipo jibu la wajukuu. Ikiwa dawa inapungua nusu kila dakika 110, baada ya muda wa saa tisa na ushei imebaki sehemu moja tu kwa 32, na hapo sijahesabu iliyotoka kwa mkojo. Siku ile ile asipakate mtoto mchanga wala asikae bega kwa bega na mjamzito. Kama wewe una mimba, mwachie kaka amsindikize. Akifika Mtwapa kesho yake, wajukuu walale naye wapendavyo.

Ripoti ikija mtaona namba zinazoitwa SUV. Ni kipimo cha mng'ao tu. Moja maana yake dawa imeenea sawasawa, ini la kawaida huwa mbili au tatu hivi, na uvimbe huwa juu zaidi. Namba kubwa si hukumu. Ubongo, figo na kibofu hung'aa kwa kila mtu, na moyo mara nyingi pia, kwa hiyo msiitazame ile picha kwenye simu mkaanza kuogopa kichwa.

Daktari anaweza kuagiza PET nyingine mionzi ikiisha. Isiwe kabla ya miezi mitatu, kwa sababu nyama iliyopigwa mionzi hubaki na uchochezi unaong'aa, mkapewa jibu la uongo. Ikipigwa wakati wake inasema mengi. Mwaka 2007 madaktari wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 92 waliopigwa PET kama miezi mitatu baada ya tiba ya mlango wa kizazi. Kati ya wale ambao hakukuwa na kilichobaki kinang'aa, 78 kwa 100 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Waliobakiwa na mng'ao kiasi walikuwa 33 kwa 100. Waliotokewa na mng'ao mahali papya, hakuna hata mmoja. Wale wa katikati ndio hasa wa kukimbiliwa, kwa sababu ugonjwa uliobaki nyonga peke yake wakati mwingine unaweza kupasuliwa. Ila mkiniambia pesa inatosha picha moja tu, nitasema ipigwe hii ya kabla. Baada ya tiba, mkono wa daktari na MRI vitawasaidia.

SWALI: Habari Sista. Nina miaka 47. Nilipasuliwa saratani ya ovari nikamaliza kemo, karibu miaka miwili sasa. CA-125 yangu ilikuwa 12, ikaenda 29, sasa ni 61. CT haikuona kitu na sina maumivu yoyote. Daktari anasema tunaweza kupiga PET-CT au tukangoja kwanza. Usingizi umenipotea.
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Pole dada. CA-125 ni alama ya saratani inayopimwa kwenye damu, na kupanda kwake mara mbili mfululizo kunasema zaidi ya namba moja peke yake, hata ile 29 iliyokuwa bado chini ya mpaka wa 35. Ugonjwa huenda unarudi, nami sitakuficha hilo. Alama ya damu inapopanda na CT ikanyamaza, PET-CT mara nyingi huona kilipo. Hapo ndipo inapofaa zaidi katika saratani ya ovari. Mwanzoni kabisa, mwanamke anapogunduliwa uvimbe wa ovari, haina kazi kubwa, ultrasaundi na CT hutosha kumpeleka kwa mpasuaji.

Ujue pia isichoweza. Saratani ya ovari hupenda kujitawanya juu ya utando wa tumbo kwa vipele vidogo sana, na vilivyo chini ya milimita 5 PET huvikosa. Aina zinazotoa ute hazing'ai vizuri. Kwa hiyo picha safi kwako isichukuliwe kama cheti cha kupona.

Je, itabadilisha nini? Umekaa karibu miaka miwili tangu kemo, jambo ambalo ni zuri, na linakuweka kwenye kundi ambalo upasuaji wa pili unaweza kufikiriwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliochagua kwa uangalifu wanawake waliorudiwa mara ya kwanza, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kisha wakapewa kemo waliishi miezi 54 hivi kwa wastani, na waliopewa kemo peke yake 46, na waliofaidika zaidi ni wale ambao mpasuaji aliweza kuondoa kila kinachoonekana. Kama daktari wako anaufikiria upasuaji, PET itamwonyesha kama ni doa moja la kufuatwa kwa kisu au ni mengi yaliyosambaa. Hapo ningeipiga. Kama upasuaji hauwezekani kwako kwa sababu nyingine, kungoja si uzembe. Utafiti mkubwa wa Uingereza na Ulaya uliotoka mwaka 2010 ulikuta kwamba wanawake walioanzishiwa kemo mara tu CA-125 ilipopanda hawakuishi muda mrefu zaidi ya waliongoja dalili, na wakapoteza mapema raha ya maisha yao. Hakuna dakika unayoipoteza usiku ukiwa macho, dada yangu. Mwulize daktari swali la upasuaji wiki hii, na mweleze pia kwamba hulali, kuna msaada kwa hilo.

SWALI: Mambo Sista. Nipo Dar, nina miaka 29, sina tatizo lolote. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi na nimeogopa. Nataka kupiga PET-CT ya mwili mzima kila mwaka. Nianzie wapi?
Msomaji wa Dar es Salaam

JIBU: Poa mdogo wangu, na pole kwa shangazi. Usianze. Kwa mwanamke wa umri wako ovari hung'aa wakati yai linapotoka, na mfuko wa uzazi hung'aa siku za hedhi. Utapewa ripoti ya kukutisha juu ya mwili usio na ugonjwa wowote, ukakatwa vinyama visivyo na sababu, na kila mwaka ukajiongezea mionzi. Na yale mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi, ambayo yakitibiwa saratani haiji, PET haiyaoni hata kidogo. Yanaonekana kwa kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, au kwa siki inayopakwa kliniki na muuguzi akatazama kwa macho. Nenda ukafanyiwe hicho.

Kisha kaa na wazee umwulize kila mmoja kwa upole: shangazi aliugua akiwa na miaka mingapi? Kuna mwingine kwenye ukoo aliyepata saratani ya mfuko wa uzazi au ya utumbo mpana kabla ya miaka 50? Kama wapo, mpelekee daktari habari hizo, kwa sababu kuna aina inayorithiwa na ina ufuatiliaji wake. Ukiona damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, usingoje. Na ukiwa na binti au mdogo wako wa kike shuleni, chanjo ya HPV ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018. Hakikisha ameipata.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimepangiwa PET-CT Nairobi saa nne asubuhi, na itaangukia ndani ya Ramadhani. Nina saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, aina kali, wanataka kuona tezi kabla ya kunipasua. Naweza kupiga nikiwa nimefunga?
Mama wa Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Njaa yenyewe haitakuwa taabu, inatakiwa kwenye kipimo hata hivyo. Taabu ni maji. Unatakiwa unywe kabla ya sindano na baada yake, ili dawa itoke kwa mkojo na nyonga ionekane vizuri, na kwa saratani yako nyonga ndiyo inayotazamwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kuilipa siku baadaye, kwa hiyo siku hiyo ningekushauri usifunge. Ukiwa na wasiwasi, mwulize sheikh wako kabla ya safari, si pale hospitalini. Usiombe tarehe isogezwe mpaka baada ya Idi, upasuaji unakungoja.

Usiku wake kula saa tisa, usingoje karibu na alfajiri, ili ikifika saa nne asubuhi uwe umekaa zaidi ya saa sita bila chakula. Kula mayai au samaki na mboga. Mahamri, tende na chai ya sukari viache kwa siku hiyo moja. Maji kunywa hadi unapoingia kuchomwa sindano, na barua ya daktari pamoja na CD ya MRI ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya basi.